Kuondoa ukoko wa shaba kwenye mtutu wa bunduki ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa kufikiria zaidi Lee-Enfield ya .303, bunduki ya jeshi la Waingereza, yaani matoleo yake ya SMLE na No. 4. Ndiyo bunduki waliyobeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na nyingine ziliishia mikononi mwa wawindaji na askari wa wanyamapori. Mauser 98 na bunduki nyingine za bolti za umri huo husafishwa kwa namna hiyo hiyo, tofauti ni vipimo tu. Kabla ya lolote, toa magazini, fungua bolti, tazama ndani ya chemba kwa macho kisha ingiza kidole uhakikishe haina kitu. Risasi zote ziwekwe chumba kingine.

Ukoko wa shaba unatoka wapi?

Kichwa cha risasi kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa gamba la aloi ya shaba, kwa kawaida shaba asilimia 90 hadi 95 na kiasi kinachobaki ni zinki. Kikipita mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde, gamba hilo husuguana na matuta ya mifuo (mifereji inayozunguka ndani ya mtutu) na kuacha utando mwembamba. Katika mtutu mpya na laini, utando huo hufikia kiwango fulani ukasimama. Katika mtutu mkongwe wenye vishimo vya kutu au alama za ukataji, kila mkwaruzo hufanya kazi ya tupa: hukwangua shaba na kuishikilia. Risasi inayofuata huongeza tabaka, na masizi ya baruti hujibana katikati ya tabaka hizo. Hii ndiyo sababu ukoko wa miaka mingi hausikii dawa ya shaba peke yake. Dawa hula tabaka la juu, ikikutana na masizi inakwama.

Nitajuaje kuwa tatizo ni shaba na si kitu kingine?

Elekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga wa jua kwa pembe, utazame sentimita mbili za mwisho wa mifuo. Shaba huonekana kama michirizi ya rangi ya chungwa juu ya matuta. Masizi ni meusi na yamefifia. Madini ya risasi ni ya kijivu na hutoka kama magamba membamba. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu husaidia sana, maana mdomo unaweza kuwa safi huku katikati kumejaa.

Kipimo cha pili ni kitambaa chenye dawa ya amonia. Kikitoka na rangi ya bluu au kijani baada ya dakika kumi, shaba ipo. Lakini soma kwanza jibu la vifaa, kwa sababu vifaa vyenyewe vinaweza kukudanganya.

Ukiona mabonge au michirizi ya rangi ya fedha katika mtutu wa kabla ya miaka ya 1930, huo ni ukoko wa aloi ya shaba na nikeli. Una jibu lake chini.

Je, ni lazima mtutu usafishwe mpaka chuma kibaki kitupu?

Hapana, na hapa ndipo mitutu mingi mizee huharibiwa na watu wenye nia njema. Shaba iliyojaa ndani ya vishimo vya kutu inaziba ukwaruzo. Ukiitoa yote, risasi za kwanza hukwanguliwa upya na shabaha hutawanyika hadi vishimo vijae tena. Mtutu wa namna hiyo unaweza kuhitaji risasi tano, kumi au zaidi kabla ya kutulia.

Kinachopaswa kukuongoza ni shabaha. Kama bunduki ilikuwa ikipiga vizuri na sasa inatawanya kadiri risasi zinavyoongezeka, safisha. Kama inapiga vizuri, ondoa masizi, pitisha mafuta, iache. Kuna sababu moja tu ya kwenda hadi chuma kitupu: unashuku kuna kutu hai chini ya shaba. Hilo hutokea kwa bunduki zilizotumia risasi za zamani zenye fataki (kiwashio cha baruti) inayoacha chumvi.

Bunduki ya makumbusho, au iliyolemazwa na haitapigwa tena, haihitaji kuondolewa shaba. Inahitaji kukingwa na unyevu.

Nahitaji vifaa gani?

Mdeki (ufito wa kusafishia mtutu) wa kipande kimoja, wa chuma kisichoshika kutu au uliovikwa plastiki, urefu wa sentimita 90 hivi kwa mtutu wa SMLE wa sentimita 64. Mideki ya kuunganisha kwa skrubu hupinda, na viungo vyake husugua matuta. Mpini wake uzunguke wenyewe ili brashi ifuate mzunguko wa mifuo.

Kiongozi cha mdeki, yaani bomba linalokaa mahali pa bolti na kuushika mdeki katikati ya tundu. Kwa bunduki ya zamani hiki si anasa. Bila hicho mdeki hugonga mwanzo wa mifuo, na dawa humwagika kwenye kifyatulio na kwenye mti, yaani sehemu ya mbao ya bunduki.

Brashi mbili au tatu za nailoni, na kichwa cha kubebea kitambaa cha nailoni au chuma. Usitumie cha shaba ya manjano, wala brashi ya shaba, ukiwa umeshaweka amonia. Amonia itakula kifaa chako, kitambaa kitatoka bluu kila mara, nawe utaendelea kusugua mtutu ambao ulikuwa safi tangu jana. Brashi ya shaba itumike hatua ya masizi tu, na ioshwe mara moja.

Vitambaa vya pamba au flaneli vya mraba wa sentimita nne hivi. Mtutu wa .303 una kipenyo cha milimita 7.7 kati ya tuta na tuta na hukaribia milimita 8 ndani ya mifuo, tena mingi imechakaa ikapanuka. Kichwa cha saizi ya .30 kinafaa, ila ongeza unene wa kitambaa hadi usikie mkazo wa wastani. Ukilazimika kupiga mdeki kwa kiganja, kimezidi.

Dawa mbili: moja ya masizi na moja ya shaba. Dawa za shaba zenye amonia, kama Sweet's 7.62, zina amonia takribani asilimia 5. Zipo zisizo na amonia ambazo hazina harufu kali na zinaweza kukaa muda mrefu zaidi. Ongeza glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na nafasi yenye upepo. Amonia katika chumba kilichofungwa huchoma koo na macho kwa dakika chache.

Nifuate hatua zipi?

Toa bolti. Kwenye SMLE, ivute nyuma hadi mwisho, inua kichwa chake kwa kidole kitoke kwenye reli, kisha itoe. Usichanganye bolti za bunduki mbili: kila moja ilipimwa na bunduki yake, na namba zilizochongwa zinapaswa kufanana. Hakuna haja ya kuvua mti. Ukilazimika kuvua kwenye SMLE, toa mti wa mbele kwanza kabla ya kugusa bolti ya kitako (skrubu ndefu inayoshikilia kitako). Ncha ya mraba ya bolti hiyo imekaa ndani ya bamba la mti wa mbele, na ukiizungusha mti huo hupasuka.

Laza bunduki mdomo ukiwa chini kidogo kuliko chemba, ili vimiminika vitoke mbele. Funika mti kwa kitambaa.

Anza na masizi. Pitisha vitambaa viwili vyenye dawa ya masizi, subiri dakika 15, kisha brashi mara kumi kwenda na kurudi, ikitoka kabisa mdomoni kabla ya kurudi. Usigeuze brashi katikati ya mtutu, nywele zake zitajikunja na kukwama. Kitambaa kikitoka mdomoni kitoe, usikirudishe ndani na uchafu wake. Rudia hadi weusi upungue, kisha kausha kwa vitambaa viwili. Ukavu huu una maana: mafuta ya dawa ya kwanza huizuia ya pili kugusa shaba.

Sasa shaba. Lowesha kitambaa kwa dawa, kipitishe polepole, kisha lowesha brashi ya nailoni kwa matone ya chupa. Usichovye brashi ndani ya chupa, utaichafua dawa yote. Sugua mara kumi hadi ishirini. Acha dakika kumi, isizidi 15. Amonia haiyeyushi shaba peke yake. Oksijeni ya hewa hushambulia shaba kwanza, ndipo amonia inapoibeba kama kimiminika cha bluu. Kwa hiyo utando mwembamba wa dawa unaoguswa na hewa hufanya kazi kuliko mtutu uliojazwa pomoni, na kusugua upya baada ya dakika tano kunaleta hewa mpya.

Toa kwa vitambaa viwili vikavu, utazame rangi. Bluu ya wino maana yake bado sana. Rudia mara tatu au nne, kisha rudi kwenye dawa ya masizi. Hapa ndipo watu hukosea. Wakiona rangi imefifia wanadhani wamemaliza, kumbe wamefika tabaka la masizi. Baada ya kuyatoa, dawa ya shaba italeta bluu kali tena. Mtutu uliosahaulika kwa miongo unaweza kuhitaji zamu nyingi za namna hii kwa siku kadhaa. Ukichoka, kausha, pitisha mafuta, uendelee kesho.

Mwisho, ondoa amonia yote kwa dawa ya masizi au spiriti, kausha, futa chemba kwa kitambaa kwenye kijiti, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi. Amonia huondoa kila chembe ya mafuta, na chuma kilicho wazi Mombasa, Tanga au Unguja kinaweza kushika kutu usiku mmoja.

Kitambaa hakiachi kutoka bluu. Nifanye nini?

Kwanza jaribu kifaa. Weka tone la dawa kwenye kichwa cha kubebea kitambaa, ukifunge kwa kitambaa cheupe nje ya mtutu, usubiri dakika kumi. Kikitoka bluu, umempata mwongo.

Kama kifaa ni salama, pengine ukoko ni mnene kweli. Ukipiga hatua ndogo ndogo bila mafanikio, tumia lepe (krimu ya kusugulia) laini sana iliyotengenezwa kwa ajili ya mitutu, kama J-B. Paka kiasi cha punje ya haragwe kwenye kitambaa kinachobana, sugua mara 20 kwa mapito mafupi ya sentimita kumi hivi ukisogea mbele kidogo kidogo, ukisimama kabla ya mdomo. Futa yote kwa dawa ya masizi, halafu urudi kwenye dawa ya shaba. Lepe inavunja uso wa ukoko ili dawa iingie. Usiigeuze kuwa desturi ya kila usafi.

Naweza kuacha dawa ya amonia usiku kucha?

Usiache. Amonia yenyewe haili chuma kwa haraka, ila dawa hizi nyingi zina maji, na zikikauka huacha mabaki juu ya chuma kisicho na mafuta. Kutu huanzia hapo. Kwenye joto la Dodoma au Garissa dawa hukauka kabla ya dakika 15, basi fupisha muda au ongeza matone. Dawa isiyo na amonia ikiandikwa kuwa inaweza kulala, inaweza. Fuata lebo ya chupa yako, si ya jirani.

Povu la kusafishia lina faida?

Lina faida kubwa kwa mtutu mkongwe, kwa sababu hupunguza kusugua, na mdeki unaopitishwa vibaya umechakaza midomo mingi kuliko shaba. Pulizia kutoka kwenye chemba hadi povu lichungulie mdomoni, laza bunduki mdomo ukiangalia chini, acha muda ulioandikwa, kisha toa kwa kitambaa. Kwa ukoko wa miaka mingi, zamu tatu au nne za povu ni mwanzo mzuri hata kama utamalizia kwa amonia. Hakikisha halitiririki kwenye kifyatulio.

Nina ukoko wa rangi ya fedha. Mbona hausikii dawa?

Huo ni wa aloi ya shaba na nikeli, iliyovikwa risasi nyingi za jeshi mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwamo za .303. Huganda kwa mabonge, hasa karibu na mdomo. Wafaransa waliongeza bati kwenye baruti ya mizinga yao katika vita vya kwanza vya dunia ili kupunguza ukoko wa shaba, na kwa bunduki majeshi yakahamia kwenye gamba la shaba na zinki.

Zamani uliondolewa kwa mchanganyiko wa amonia kali sana na chumvi ya pasalfeti. Ulifanya kazi, lakini ukikaukia mtutuni ulikula chuma. Usiujaribu nyumbani. Anza na povu, kisha lepe laini kwa subira, halafu amonia ya kawaida. Ukishindikana, tumia umeme.

Njia ya umeme hufanywaje?

Ni ya mwisho, si ya kwanza. Mtutu huzibwa upande wa chemba kwa kizibo cha mpira, husimamishwa mdomo juu, na ufito mwembamba wa chuma cha kawaida, milimita nne au tano, huingizwa katikati. Ufito usiguse mtutu popote: uvike pete za mpira au utepe wa umeme sehemu tatu. Kimiminika ni sehemu moja ya amonia ya nyumbani, moja ya siki nyeupe na moja ya maji. Mtutu wa SMLE hubeba mililita 30 hadi 35 pamoja na chemba, kabla ya ufito kuingizwa.

Betri ni ya volti 1.5 hadi 3, si zaidi. Upande chanya uende kwenye mtutu, hasi kwenye ufito. Shaba hutoka mtutuni na kuganda juu ya ufito. Ukigeuza nyaya, utahamishia mtutuni kile kilicho kwenye ufito. Toa ufito kila dakika 15 na uusugue. Ukianza kutoka na weusi bila wekundu wa shaba, simama hapo hapo, maana sasa umeme unakula chuma cha mtutu. Suuza kwa maji ya moto, kausha, pitisha mafuta bila kuchelewa. Kimiminika kikivuja kwenye mti, kitauharibu, na kutu itajificha chini yake.

Je, Brasso, gundi ya kusagia vali, pamba ya chuma au maji ya betri?

Gundi ya vali ina chembe ngumu zilizotengenezwa kusaga chuma, na itasaga matuta. Pamba ya chuma na msasa hali kadhalika. Maji ya betri ni asidi ya salfuri, hula mtutu kabla ya shaba. Mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi pia hushambulia chuma, na ukigusa madini ya risasi hutoa sumu inayopenya mwilini. Brasso ina chembe za kusugua. Inaweza kusaidia kwa uchache sana, lakini lepe ya mitutu ni bora na unaijua kazi yake.

Zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu isiingie kwenye mazungumzo haya kabisa. Mvuke wake huua mishipa ya fahamu.

Na kwa herufi kubwa moyoni: amonia isikutane na jiki au dawa yoyote yenye klorini. Gesi inayotoka huharibu mapafu. Chupa hizo mbili zisikae hata rafu moja. Amonia isikae karibu na risasi pia. Jeshi la Waingereza huko India liliwahi kupata maganda ya risasi yaliyopasuka yenyewe kwa sababu yalihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi, amonia ya mkojo ikayashambulia.

Maji ya moto yana kazi gani?

Hayaondoi shaba. Yanaondoa chumvi. Fataki nyingi za risasi za jeshi za zamani ziliacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu kutoka hewani. Mafuta na dawa nyingi za masizi haziiyeyushi, maji ndiyo yanayoiyeyusha. Shaba ikiifunika, kutu huendelea chini yake bila kuonekana. Kwa hiyo ukitumia risasi za namna hiyo, mimina lita moja ya maji yaliyochemka kwa faneli kutoka upande wa chemba siku ile ile, acha joto la chuma likaushe, pitisha vitambaa na mafuta. Ukishatoa ukoko wa zamani, rudia maji ya moto hata kama ulishafanya awali, kwa sababu chumvi iliyokuwa imefunikwa imefunuliwa.

Nimesafisha vizuri, bado inatawanya. Kwa nini?

Basi shaba haikuwa ugonjwa. Tazama ukingo wa mdomo. Waliotumia kamba ya kuvuta, hasa ile yenye wavu wa waya, walichonga mdomo ukawa yai, na gesi hutoka upande mmoja. Tazama mwanzo wa mifuo: baruti ya kodaiti iliungua kwa joto kali na kula chuma hapo. Kisha kagua mti wa mbele na skrubu zake, kwa sababu SMLE hutegemea sana jinsi mtutu unavyokaa ndani ya mti. Kukata mdomo upya au kubadili mtutu ni kazi ya fundi wa silaha mwenye kibali.

Gobore na shotgun je?

Hazina ukoko wa shaba. Gobore hupata masizi ya baruti nyeusi, yanayotoka kwa maji ya moto na sabuni. Shotgun hupata madini ya risasi na plastiki. Hata Mauser ya 1871, ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walianza nayo vita mwaka 1914, ilipiga risasi isiyo na gamba la shaba.

Nisafishe shaba mara ngapi, na niihifadhi vipi?

Andika kwenye daftari idadi ya risasi na ukubwa wa kundi la matundu kwenye shabaha. Kundi likianza kupanuka baada ya risasi 40, basi 40 ndiyo zamu yako, si namba ya mtu mwingine. Masizi yatolewe kila baada ya kupiga.

Kwa pwani, kagua kila mwezi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu wa kutu, safisha na upake mafuta upya. Usihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au sponji, huvuta unyevu. Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu kwenye mtutu na chemba. Mafuta yaliyobaki kwenye chemba huongeza msukumo kwenye bolti, na bolti ya bunduki ya miaka themanini haistahili mzigo huo.